Uhamisho wa Mwalimu wa Jiografia

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria ulianza kugongagonga jikoni. Mama mkwe alikuwa amewahi kuamka ili mwalimu wa hisabati asiondoke na njaa. Alimchemshia mayai, akamkunjia shuka safi, akamwambia, "Huko mnakokwenda kulala chini, mwanangu, jifunike vizuri. Sakafu haina huruma."

Walimu walikuwa wakienda kulala kwenye jumba la samaki. Yalikuwa mafunzo kazini: mchana wangefundishwa namna ya kusomesha habari za viumbe wa majini, na usiku wangetandika magodoro mbele ya matangi ya kioo, waone samaki wanavyoishi taa zikizimwa. Afisa elimu aliyewaongoza walimwita Bwana Taratibu, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake.

Jioni, samaki wa ziwani walipokuwa wakilishwa, mwalimu wa hisabati alimwona mumewe ndani ya tangi. Alikuwa amesimama kwenye changarawe, amevaa shati lake la mikono mirefu, anawafundisha perege na kambare waliojipanga mbele yake. Tangu walipooana, mume huyu, mwalimu wa jiografia, alikuwa amepangiwa shule ya kisiwani. Kila mwaka aliomba uhamisho arudi kwa mkewe, na kila mwaka aliambiwa asubiri. Kisha likizo moja, akiwa njiani kuja nyumbani, mashua ilizama, na mwili wake haukuonekana.

"Alikuja pamoja na samaki walipovuliwa," alisema mama aliyekuwa akiwalisha samaki. "Hana makuu. Nikisafisha kioo, hunionyesha pale niliporuka." Akamletea mwalimu kigoda chake mwenyewe akalie.

"Mama watoto," alisema mume. Sauti yake ilisikika kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Umekonda."

"Na wewe umelowa."

Wakacheka kidogo. Akauliza habari za watoto, akauliza goti la mama yake. Kisha akauliza, "Uhamisho wangu umetoka?"

"Bado."

"Basi uko mbioni."

Bwana Taratibu alipopita na kikombe chake cha chai, alisimama kusalimia. "Habari za kazi, Mwalimu?"

"Salama, mkuu. Wasikivu sana hawa, ila daftari zinalowa."

"Mkuu," alisema mwalimu wa hisabati, "naomba mume wangu arudi nyumbani."

"Taratibu zipo. Lazima apatikane wa kubadilishana naye."

"Basi nihamishe mimi, nije humu alimo."

Bwana Taratibu alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. "Wewe ni wa hisabati," alisema kwa upole. "Hapa wanahitaji jiografia, na nafasi yenyewe ni moja."

Usiku huo mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye wote walimwita Bibi Harusi kwa kuwa alikuwa ametoka kuolewa, aliondoa godoro lake karibu na kioo, akamwachia mwenzake pale. Mume alijilaza juu ya changarawe, mke akajilaza juu ya godoro lake, wakalala wametazamana. Kambare mmoja mzee alijisogeza pembeni kuwapisha.

Asubuhi Bwana Taratibu aliwashukuru walimu kwa utulivu wao, akasema ana habari njema. Ile nafasi ya jiografia kule kisiwani, iliyokaa wazi siku nyingi, hatimaye ilikuwa imepata mtu. Mtu huyo alikuwa mume wa Bibi Harusi, naye mwalimu wa jiografia.

"Hata mapazia hatujatundika, mkuu," alisema Bibi Harusi.

"Ataomba uhamisho. Taratibu zipo."

Walimu walikunja shuka zao. Mmoja alimkunjia Bibi Harusi ya kwake.

Mume aliyekuwa tangini aligonga kioo kumwita mkewe. "Mwambie mumewe asipande mashua ikijaa. Hata kama likizo ni fupi. Hata kama hamu imemzidi."

Mwalimu wa hisabati alimfikishia Bibi Harusi maneno hayo, naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Nje, basi lilikuwa likipiga honi. Mwalimu alirudi mara moja kwenye tangi, akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Mama watoto," alisema mume, "wakitangaza semina nyingine, jiandikishe. Na wasipotangaza, njoo hivyohivyo. Njoo tena unione."