Mama wa Safu Mbili

Miaka sita Akeno alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na miaka hiyo yote hakuacha kuwa mwalimu, mke na mama. Tasnifu ile alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Sasa zilibaki siku tisa aikabidhi chuoni. Mama yake kule Kaikor alikwisha kumtenga beberu wa sherehe, na kila akipiga simu huuliza, "Hicho kitabu bado hakijaiva?"

Kazi yenyewe ilieleza jinsi wanawake wa Kakuma wanavyolisha nyumba zao. Safu moja ya jedwali, wenyeji thelathini. Safu ya pili, wakimbizi thelathini. Wenyeji aliwahoji mwenyewe. Wakimbizi walihojiwa na Nyibol, mwalimu mwenzake wa kambini. Majina hayakuandikwa, namba tu, ndivyo chuo kilivyotaka.

Asubuhi hiyo, mezani kwake Lodwar, feni ikizungusha joto lile lile, alikuwa akisikiliza sauti za wakimbizi apate maneno mawili matatu ya kunukuu. Namba kumi na saba alipomaliza kujibu, akamtegea Nyibol kitendawili.

"Nina mgeni nyumbani. Nalala naye, lakini yeye huamka kwanza. Ni nani?"

Nyibol akasema jogoo. Mwanamke akacheka, kicheko chenye kikohozi mkiani. "Njaa, mwalimu."

Akeno akasimamisha sauti. Kitendawili hicho alikwisha kutegewa yeye. Alijibu jua, akachekwa vivyo hivyo. Akafungua sauti za wenyeji, namba nne. Kicheko kile kile, kikohozi kile kile.

Kesho yake alikuwa Kakuma. Nyibol, aliyemkumbuka mwenye kitendawili, alimpeleka mpaka kibandani kwake, Achan alikokuwa akipanga mafungu ya kuni ya kuuza.

"Ejok, mwalimu," Achan alisema. "Kitabu imeisha?"

"Ejok, dada. Mimi nilikuhoji kwa mama yako, ng'ambo ya mto. Nyibol akakuhoji hapa. Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe uliuliza watu ya hapa. Mimi ni Mturkana, nimezaliwa hapa. Huyu akauliza bibi za wakimbizi. Bwana yangu Bior ametoka Bor, Sudan Kusini. Mimi ni bibi yake ama si bibi yake?"

"Ni bibi yake," Nyibol alisema. "Nyama ya harusi nilikula."

"Basi. Kila mtu aliuliza, nikajibu. Kitendawili niliongeza ya bure."

Akeno akajikalia juu ya mzigo wa kuni. "Mko wangapi namna hii, mlioolewa huku na mnakula kwa mama zenu kule?"

Achan akahesabu vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili, akavimaliza. "Hao ndio najua mimi."

Jedwali lilikuwa na safu mbili, na wanawake hawa walikuwa wamekaa kote kote. Akeno alimpigia simu Profesa Lochakapong, msimamizi wake.

Alipokwisha kumweleza, Profesa akasema, "Ukilivunja jedwali, sura ya nne yote inaanguka. Hutavaa joho Desemba hii."

"Najua."

"Na ya mwakani siwezi kukuahidi. Hakuna mtu atakayesikiliza sauti zile tena, Akeno."

"Profesa, nimechoka mpaka uongo wenyewe siuwezi. Uongo nao unataka kutunzwa."

Akakata simu. Akawaza jinsi atakavyomwambia mama yake kuhusu beberu, akaona hilo nalo liahirishwe.

"Hao wenzako, naweza kuwaona leo?" alimuuliza Achan.

"Leo ni siku ya kugawa unga kambini. Wako foleni, na mimi nachelewa." Achan alikwisha kukunja gunia lake tupu. "Wewe kaa hapa uniuzie kuni. Nikirudi, nitarudi nao."

Akaondoka na Nyibol. Akeno akavua viatu, akakung'uta mchanga. Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye bakuli kichwani, akauliza fungu moja ni vikombe vingapi vya unga. Kwenye tasnifu jibu lilikuwapo, lakini la mwaka juzi.

"Sijui, mama," Akeno alisema, akamsogezea mzigo akae. "Tumngoje mwenyewe."