Sataranji ya Kabatini

Waringa, karani wa benki mjini Kericho, alikuwa amejitolea kuwanoa bongo watoto wa wachuma chai karibu na Kapkatet, ingawa hakuna aliyewauliza kama bongo zao ni butu. Muhula uliopita aliwaeleza sheria za sataranji, akawaachia seti mpya wafanye mazoezi. Leo alirudi kuona matunda.

"Darasa, farasi huendaje?" mwalimu mkuu, Bwana Kipngeno, akauliza kwa madaha.

"Hatua mbili mbele, moja kando!" watoto wakaitikia kwa pamoja, kama wako kanisani. Waringa nusura alie kwa furaha.

"Chepchumba, leta ile seti tucheze," Waringa akamwambia msichana mmoja.

Msichana akamtazama mwalimu mkuu kwa hofu.

Ah, seti! Hiyo ilitunzwa kuliko watoto wenyewe. Bwana Kipngeno alimpeleka Waringa ofisini, akafungua kufuli la kabati ya vioo. Ilikuwa humo, ndani ya nailoni yake, kando ya vikombe vya wageni.

"Madam, hakuna mtoto ameigusa," alisema akitunisha kifua. "Muhula ujao utuletee ingine. Kabati bado iko na nafasi."