Kuku Wanaobweka

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, mshonaji alikuwa uani akikoroga pumba kwenye trei ya plastiki iliyowahi kuwa droo ya mboga ya friji. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Yale yaliyomshinda aliyang'oa milango, akayalaza uani, na kuku wakatagia humo. Walikuwa mitetea kumi na mmoja na jogoo wao. Katika friji dogo kuliko yote waliishi sungura wawili. Paka wa kijivu alilala juu ya cherehani na hakupenda kuguswa. Kando ya trei alikuwa amejilaza mbwa mzee wa kahawia, vifaranga sita wamempanda mgongoni wakiota jua.

Mbwa huyo aliitwa Shemeji. Siku mshonaji alipoolewa, aliifuata mizigo ya bibi harusi kutoka kwao, akaingia nayo ndani, akagoma kurudi. Fundi alisema anayekuja pamoja na mkeo kutoka kwao ni shemeji tu, hakuna haja ya kumtafutia jina jingine. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita. Shemeji alibakiwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, na hayakukutana. Mshonaji alimlowekea chakula kama cha mtoto anayeachishwa ziwa.

Kelele zilitoka geti la jirani. Mshonaji aliachia mwiko, akatoka mbio na pumba mikononi.

Jirani alikuwa mtu aliyeitwa Meneja, ingawa mtaani hakuna aliyejua anasimamia nini. Mbele ya geti lake alikuwa ameanguka Mama Maziwa, mwanamke aliyepita nyumba kwa nyumba kila asubuhi na dumu lake kichwani. Maziwa yalikuwa yakitiririka kuelekea mtaroni. Mbwa wa Meneja, mkubwa, mweusi, mate yakimning'inia, alikuwa akirudi ndani kwa kinyumenyume, kipande cha kanga ya Mama Maziwa mdomoni.

Mshonaji alimwingiza Mama Maziwa uani kwake. Alimwosha shavu la mguu kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipokuwa akiosha alihesabu matundu ya meno. Yalikuwa kumi na moja.

"Nenda zahanati sasa hivi," alisema. "Usipitie nyumbani."

"Nitakwenda, dada. Ngoja kwanza nimalize wateja."

"Wateja gani? Maziwa yenyewe yako mtaroni."

Mama Maziwa akacheka, kisha akalia.

Kesho yake alikuja Bwana Mifugo, afisa wa serikali aliyeshughulika na wanyama wa eneo lile, na bunduki begani na karatasi mkononi. Karatasi ilisema kwamba mwanamke muuza maziwa ameng'atwa na mbwa wa kahawia wa nyumba ya fundi. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba ya Mama Maziwa, na chini ya dole gumba palikuwa na sahihi ya Meneja kama shahidi.

Mshonaji hakubishana. Alipiga magoti, akamfungua Shemeji mdomo kwa mikono miwili, akamwambia Bwana Mifugo achungulie.

"Hesabu," alisema.

Bwana Mifugo aliinama, akachungulia, akahesabu kwa sauti hadi nne. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, na kwenye sehemu ya karatasi iliyoandikwa "Meno" akajaza neno moja: kamili.

"Mama, mimi natekeleza tu," alisema.

Binti yao alikuwa shuleni, na hilo lilikuwa jambo pekee la heri siku ile. Shemeji alipigwa risasi pale pale kando ya trei, kuku wakitazama. Kichwa kilitakiwa kipelekwe maabara kupimwa kichaa cha mbwa, lakini Bwana Mifugo alikuwa amesahau barafu. Akauliza kama hapo kwa fundi wa mafriji haipatikani. Fundi aliingia ndani, akatoka na barafu ya bakuli zima, akammiminia kwenye kisanduku chake.

"Umempa barafu," mshonaji alisema geti lilipofungwa.

"Angeipata kwingine."

"Basi angeipata kwingine!"

Alfajiri iliyofuata jogoo alipanda juu ya friji, akanyoosha shingo, akabweka. Alibweka mara tatu, akapumzika, akabweka tena. Mitetea wakaitikia. Ilikuwa sauti ya Shemeji hasa, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Binti aliamka, akasikiliza, akasema, "Wanabweka vizuri," akavaa sare zake za shule. Mshonaji aliwapelekea pumba. Kulikuwa na mayai saba, kama kawaida.

Kuku hawakumbwekea kila mtu. Mpita njia waliyemzoea walimwacha apite zake. Meneja alipotoa gari, walijipanga kwenye uzio wote kumi na wawili na kubweka hadi akakunja kona. Fundi naye alibwekewa siku tatu mfululizo kila alipoingia uani. Hakuwafukuza. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa mpaka wamalize, kisha akaendelea na kazi. Siku ya nne walinyamaza, lakini mkewe hakunyamaza.

Meneja alimtuma mlinzi wake aje kulalamika. Mlinzi alisimama getini, kofia mkononi.

"Bosi anasema mbwa wenu wanapiga kelele."

"Hatuna mbwa," fundi akasema. "Mmemuua."

"Mbona wanabweka?"

"Ni kuku."

"Ah," mlinzi akasema. "Nitamwambia ni kuku."

Baada ya wiki moja majibu ya maabara yalirudi: kichwa cha Shemeji hakikuwa na ugonjwa wowote. Mama Maziwa alikuja mwenyewe kuleta habari hizo, uso umemng'aa, na nusu lita ya maziwa aliyokataa kulipwa. Kule zahanati nesi alikuwa amesoma karatasi, akamwambia mbwa aliyemng'ata ni mzima, hivyo hana haja ya kuchomwa sindano. Sindano zenyewe ni chache, zimewekewa wenye shida.

Mshonaji aliyasukuma maziwa pembeni.

"Mbwa aliyekung'ata unamjua."

Mama Maziwa aliangalia miguu yake. "Dada, naomba unisamehe. Meneja anachukua lita sita kila siku. Na mume wangu ndiye anayemkatia majani ya uani. Waliniletea wino, wakanishika kidole. Ningefanyaje?"

"Mimi nimeshakusamehe. Ugonjwa ndio hautakusamehe. Twende."

Walikwenda wote wawili. Mshonaji alimweleza nesi kila kitu: mbwa mweusi, mate, matundu kumi na moja, mbwa mzee wa meno manne. Nesi alisikiliza vizuri, maana alikuwa mtu mwema, kisha akasema anahitaji karatasi nyingine ya Bwana Mifugo. Wakaenda kwa Bwana Mifugo. Alisema karatasi ya tukio ni moja, na imeshaandikwa. Ili aandike nyingine, itabidi ile ya kwanza iwe na kosa.

"Ina kosa," mshonaji akasema.

"Nani aliyekosea?"

"Wewe."

Bwana Mifugo alitabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyeombwa jambo ambalo angelipenda sana kulifanya, akawaonyesha mlango.

Jumapili ya wiki hiyo mbwa wa Meneja aliacha kusikika. Jumatatu mlinzi alionekana akipanda maua mahali ambapo hapakuwa na maua. Jumatano kuku walipenya kwenye tundu la uzio, mmoja baada ya mwingine, jogoo mbele. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye bustani mpya, wakapekua kwa kucha, huku wakibweka. Kuku huanza kupekua na kuacha, lakini hawa hawakuacha. Hadi saa sita mchana walikuwa wamefukua sikio moja jeusi, kisha kichwa, kisha mdomo wenye meno yote. Watu walijaa kwenye ukuta wa mbele wa Meneja. Hakuna aliyeuliza kuku wamejuaje. Waliulizana mbwa amekufa lini.

Mshonaji alimleta Bwana Mifugo kwa mguu, akimtangulia hatua mbili ili asigeuze njia. Bwana Mifugo alichungulia juu ya ukuta, leso puani.

"Alikula sumu ya panya," Meneja alisema kutoka barazani. Hakuwa amesimama.

"Pole sana, mheshimiwa," Bwana Mifugo akasema.

"Mpime!" mshonaji alifoka. "Mpime huyu kama ulivyompima wangu. Barafu nitakupa mimi!"

Bwana Mifugo alieleza kwamba mzoga umeshaoza, na kilichooza hakipimiki. Zaidi ya hayo, kwa mujibu wa karatasi, mbwa huyo hakumng'ata mtu. Mbwa asiyemng'ata mtu akifa kwake ni shauri la mwenyewe. Watu ukutani walitikisa vichwa, wakasema ama kweli, wakaenda zao, kwa sababu jua lilikuwa kali na kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Wiki ya saba Mama Maziwa alishindwa kumeza mate. Mumewe alipomletea kikombe cha maji alipiga ukelele, akajikunyata ukutani. Mshonaji aliitwa. Alikaa naye siku mbili, dirisha limezibwa na shuka kwa sababu hata upepo ulimtia hofu. Alipopata nafuu ya dakika chache Mama Maziwa aliuliza ni nani anayepeleka maziwa kwa wateja wake. Mshonaji alimwambia yanapelekwa, asiwe na wasiwasi. Mama Maziwa alikufa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Meneja alituma viti na turubai kwa ajili ya waombolezaji. Vilikuwa viti vizuri, vyenye mito. Mshonaji alikaa chini, chini kabisa, kwenye udongo.

Wiki mbili baada ya maziko Bwana Mifugo alirudi nyumbani kwa fundi. Safari hii hakuwa na bunduki. Alikuwa na kisanduku chake, na barafu yake mwenyewe. Alieleza kwamba kutokana na kile kifo kumetolewa agizo: kila mnyama anayebweka katika mtaa huu achanjwe kichaa cha mbwa, bure.

"Hawa ni kuku," mshonaji alisema.

"Agizo halijataja mbwa, mama. Limesema anayebweka."

"Na chanjo ipo?"

"Ipo ya kutosha. Imeletwa masanduku mawili."

Mshonaji alichungulia ndani ya kisanduku.

"Ya kuku mnayo," alisema polepole. "Ya mama wa watu hamkuwa nayo."

"Ile ni idara nyingine," Bwana Mifugo alijibu, na akajaza bomba la kwanza la sindano.

Aliwachanja wote kumi na wawili, mmoja mmoja, chini ya bawa. Wote walimbwekea, naye aliwavumilia kama mtu aliyezoea kazi yake. Mshonaji hakumshikia hata mmoja. Fundi alitaka kumsaidia, akamwangalia mkewe, akarudisha mikono mifukoni.

Kabla mwezi haujaisha Meneja alileta mbwa mwingine, mweusi kama yule, na mkubwa zaidi. Kuku walihamia kwenye uzio wa mbele, wakawa wanabweka mchana kutwa kwa zamu, ili wengine wapate nafasi ya kutaga. Mtaa uliwazoea. Wenye watoto wachanga walisema sauti hiyo huwasaidia kulala.

Asubuhi moja akapita mwanamke kijana na dumu la maziwa kichwani. Kuku walipoanza, alisimama.

"Shikamoo, mama. Hawa wanabwekea nini?"

Mshonaji alimweleza. Alimweleza habari za lile geti, mbwa, mguu, karatasi, sindano na kikombe cha maji, bila kuruka kitu. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika dumu kwa mkono mmoja. Kisha akakaza kilemba chake.

"Nimeambiwa nyumba ile wanachukua lita sita," alisema. "Asante kwa kunieleza, mama."

Akavuka njia, akagonga geti.