Goti la Msemaji

Goti la kulia la Marlius lilikuwa limepona. Ndivyo alivyosema daktari wa mjini Bukittinggi, ndivyo alivyosema mkandaji wa kijijini, na ndivyo Marlius mwenyewe alivyomjibu kila aliyemuuliza. Lililokataa ni goti lenyewe.

Aliliumiza mwaka uliopita, alipoteleza na pikipiki mteremkoni akiwa amepakia magunia ya kabichi. Pikipiki ikamlalia. Kabichi ziliokotwa zikauzwa, usukani ukanyooshwa, naye akafungwa bandeji na kuambiwa aufanyishe mguu mazoezi kila asubuhi. Aliyafanya mpaka akachoka. Tangu hapo aliishi na goti kama mtu anavyoishi na mpangaji mkorofi, anazijua saa zake na kumkwepa. Alijua litauma mvua ikikaribia. Alijua kushuka ngazi ni kubaya kuliko kupanda. Msikitini alihamia safu ya nyuma, karibu na nguzo, apate pa kushika akiinuka. Kiti cha plastiki alichowekewa na imamu alikisukumia ukutani na hakukigusa tena.

Kutembea aliweza. Tabu ilikuwa kukunja, na kazi yake katika ukoo ilikuwa kazi ya kukunja.

Kwao, msichana akitafutiwa mume, ni watu wake wanaokwenda kuposa, na anayemsemea ni mjomba, baba anakaa pembeni. Mjomba huketi mkekani, miguu imekunjwa, mgongo wima, uso kwa uso na msemaji wa upande wa pili, mpaka maneno yaishe. Na maneno hayaishi upesi. Kiti hakuna. Mguu ulionyooshwa mbele ya watu ni tusi, hata kama mwenyewe hajafumbua mdomo.

Dada yake Rosmaniar alikuja kumwambia kwamba posa ya binti yake Yelfi itapelekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Akamkumbusha kwamba kwa akina Rozi, kijana anayeposwa, hawajatulia. Mama wa kijana alikuwa na binti wa kaka yake ambaye angependa Rozi amwoe, na angefurahi kupata sababu ya kuikataa posa. Yelfi alikuwa amemngoja Rozi miaka, na posa hii ikirudishwa hakuna atakayeipeleka tena. Kisha akalitoa lililomleta.

"Kaka, safari hii mwachie Afdal."

Afdal alikuwa mtoto wa mama yao mdogo, kijana wa kutosha.

"Afdal anajua kusema?"

"Ana magoti."

Marlius alimjibu kwamba mume hatafutwi kwa magoti, na hapo mazungumzo yakaisha. Jioni Yelfi alimletea barafu kwenye kitambaa, akamfungia mwenyewe. Alimwambia mjomba wake kwamba akishindwa aseme tu. Mjomba akamuuliza ashindwe na nini.

Ijumaa alimeza vidonge viwili pamoja, akaenda. Walipokelewa, wakaketi, wanaume ukutani huku na wanaume ukutani kule, wanawake upande wa jikoni. Sahani ya shaba yenye tambuu ilisogezwa katikati. Msemaji wa wenyeji alikuwa Nazirman, mjomba wa Rozi, mtu mkavu ambaye hata salamu aliipima kabla ya kuitoa.

Mazungumzo ya namna hiyo yana taratibu zake. Hakuna anayesema jambo moja kwa moja, na hakuna anayejibu kwa kichwa chake. Ukiulizwa, unaomba ruhusa ya kushauriana na watu wako, unamgeukia aliye kando, mnanong'onezana, ndipo unarudi na jibu ambalo wote walikuwa wanalijua tangu nyumbani.

Nazirman alipouliza kama tambuu ile ni ya salamu au ina neno, Marlius aliomba kushauriana. Akaegemea mkono, akamgeukia Afdal, na katika kugeuka mguu ukachomoka kidogo ukajificha nyuma ya mgongo wa kijana. Maumivu yakashuka kama maji yaliyofunguliwa bomba. Akakaa hivyo kadiri alivyothubutu.

Basi akapata dawa. Akaulizwa kama kweli wametumwa na ukoo mzima, akaomba kushauriana. Akaulizwa jina la binti, ambalo kila mtu alilijua, akaomba kushauriana.

"Tunashauriana nini, kaka?" Afdal alinong'ona.

"Nyamaza. Tikisa kichwa."

Afdal akatikisa kichwa. Kwa walioketi ukuta wa pili, ilionekana kwamba kijana anakataa na mkubwa wake anambembeleza.

Safari nyingine Afdal alitikisa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na wasiwasi kweli. Upande wa jikoni mama wa Rozi alimwinamia jirani yake akamwambia kitu, na Rosmaniar akakisikia.

Nazirman alingoja Marlius arudi kwenye mkao wake. Kisha akasema, sauti ileile ya mwanzo, akimwita kwa cheo cha heshima wanachoitana wanaume wa kwao:

"Sutan, tumeona shauri la wageni wetu ni refu. Labda neno lililokuja na tambuu hii halikuiva nyumbani. Sisi hatupokei binti ambaye wajomba zake bado wanabishana juu yake. Kama ndivyo, sahani irudi ilikotoka, tusilaumiane."

Mila ilimpa Marlius njia. Angeweza kuomba kushauriana tena. Afdal alikwisha kumsogezea sikio. Rosmaniar alikuwa ameshika ukingo wa mkeka.

"Sutan," Marlius alisema, "hatushauriani kitu. Ni goti."



"Goti la nani?" Nazirman aliuliza.

"Langu. Halikunjiki. Nikimgeukia huyu ndipo linapumzika. Yelfi tulimaliza kumjadili zamani, na kijana wenu tunamtaka. Huyu Afdal sijamuuliza lolote tangu tumekaa."

Afdal alithibitisha kwamba ni kweli, hajaulizwa.

Nazirman alilitazama goti, lililokuwa limetuna chini ya saruni kama embe. Hakuwa mtu wa kupokea hata ukweli bila utaratibu. Alisema neno la goti halikuwemo kwenye tambuu, kwa hiyo hawezi kulijibu peke yake. Akaomba ruhusa ya kushauriana na watu wake.

Neno likaenda ukutani mtu kwa mtu mpaka mlangoni, likarudi mtu kwa mtu. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja aliuliza kama ndilo goti la zile kabichi. Mwingine alikuwa na shemeji anayekanda kwa mafuta ya kungumanga. Muda wote huo Marlius alikaa amekunja, maana ruhusa ilikuwa bado, na jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Goti la mgeni tumelipokea," Nazirman alisema mwishoni. "Linyooke. Lakini lielekee dirishani."

Mwanamke mmoja alileta kitambaa cha kufunika unyayo. Marlius alinyoosha mguu, na goti likalia mlio uliosikika jikoni. Mama wa Rozi ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuwa na uso wa kukataa. Posa ilipokelewa kabla chakula hakijapoa.

Yelfi alikuwa anawasubiri ngazini. Mjomba wake alimwambia wamekubali.

"Na goti, Mjomba?"

"Nalo wamelikubali. Baada ya shauri."

Lakini halikupona. Alirudia yale mazoezi ya asubuhi, akaacha, akarudia. Kile kiti cha msikitini alikivuta mwenyewe kutoka ukutani, siku ambayo hakuna aliyekuwa anamtazama. Siku ya harusi aliyesema alikuwa Afdal, na Marlius aliketi kando yake, mguu umeelekea dirishani na kufunikwa kitambaa. Kila mara Afdal alipomgeukia kushauriana, alimwambia neno moja tu.

"Fupisha."