Meza ya Kubadilishana Watoto

Saa sita mchana Daktari Suraya alitangaza zoezi jipya: leo watoto wangebadilishana wazazi mezani. Familia tano zilikuwa zikikutana kila wiki katika kliniki ile ya Penang, na kila moja ilikuwa na mtoto aliyekataa chakula. Mama mmoja, Geok Choo, alipewa Irfan, kijana wa mzazi mwenzake Bi Rohaya. Binti wa Geok Choo mwenyewe, Hui Shan, wa miaka kumi na sita, akaenda kukaa na Bi Rohaya na bakuli lake la uji wa samaki. Asipomaliza milo yake wiki hii, atarudishwa wodini kulishwa kwa mpira wa puani.

"Kula polepole, mwanangu. Mie sina haraka," Geok Choo alimwambia Irfan.

"Anti, wali wa mama umejaa tui."

"Mlalamikie mama yako, mimi mpita njia tu. Haya, kijiko kimoja."

Irfan akacheka, akala.

Geok Choo alijishangaa. Upole huu ulikuwa wapi miaka yote? Kwao, mashangazi wakija mwaka mpya wa Kichina, salamu ya kwanza huwa "Umenenepa!" Naye, badala ya kumkinga mwanawe, alimnunulia gauni jekundu la namba ndogo ili ajitahidi kupungua. Lilipomkaa, alimzungusha mbele ya wageni kama bibi harusi. Siku ile alijiona mama hodari kweli. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja mapema mno.

Bakuli la Hui Shan likawa tupu. Daktari akamuuliza ni nini kilichomsaidia.

"Anti Rohaya alikuwa anakula chake," akasema. "Mama ananitazama mdomoni, halafu ananitazama tumboni."

Geok Choo hakujitetea. "Nilianza mimi," akasema. "Nisamehe, binti yangu."

Hui Shan akaondoa bakuli lake mezani.

Saa kumi kila mtoto alirudi kwa mzazi wake na glasi ya maziwa ya soya. Geok Choo alikaa kando ya bintiye, akajimiminia yake, akaiinamia. Alisikia funda la kwanza, kisha kimya kirefu. Shingo ilimuuma kwa hamu ya kugeuka. Miaka kumi na sita alikuwa akimkagua mtoto huyu. Leo alikunywa maziwa yake, macho chini, asijue kama bintiye anakunywa.