Chujio la Chini

Birika lilianza kunguruma kabla hapajapambazuka, na Jeltje akashtuka kama aliyesikia king'ora. Alikuwa hajafumba jicho.

Mbali baharini, nje ya bandari ya Den Helder, Uholanzi, mtambo wa gesi ulikuwa umemaliza kuchoronga tabaka la chumvi. Kazi ya Jeltje mtamboni ilikuwa moja: alitambue jiwe la tope la enzi ya kale ya Permi, ili wasimame humo na kushusha bomba la chuma la kukinga kuta za shimo. Chini ya jiwe hilo kulikuwa na mwamba wa mchanga wenye gesi. Wakiuingia kabla ya kushusha bomba, tope zito la kuchorongea, linaloizuia gesi, lingemezwa na mwamba, na gesi ingepata njia ya kupanda hadi kwa watu tisini waliolala.

Simu ikalia. "Binti, bado unabembeleza mawe yako?" Alikuwa mzee Douwe, mchorongaji. "Tuendelee?"

"Bado natazama, mzee. Nitakupigia."

Vipande vya mawe vilivyopandishwa na tope, vilivyokuwa mbele yake, vilikuwa vyekundu, vikubwa, vimepinda kama kucha. Hivyo alivijua: vimebomoka kwenye ukuta wa shimo, juu kabisa ya chumvi. Akainua simu aseme waendelee. Mkono ukasita. Kwa uchovu alikuwa ameosha chujio la juu tu. La chini, la punje ndogo, lilikuwa bado na matope.

Akaliosha, akainamia hadubini. Punje bapa, nyekundu ya kahawia, zenye madoa meupe. Akadondosha asidi, povu likatoka kidogo tu, likakata. Lilikuwa lile jiwe la tope. Sampuli huchukua saa nzima kupanda kutoka chini ya shimo. Jiwe walikwisha kuliingia. Pengine walikwisha kulitoboa.

Akasahau simu, akapanda ngazi mbio hadi kwa Douwe, bila kofia. "Simamisha, mzee! Simamisha!"

Douwe alivuta breki. Wote wawili wakakodolea macho kipimo cha tangi la tope. Dakika tano. Kumi. Sindano haikushuka; tope halikumezwa.

"Tumeingia mita ngapi?" Jeltje aliuliza kwa kunong'ona.

"Tatu, nne. Usiku uliponipigia mara ya nne, nilijua unaogopa. Tangu hapo nanyata kama mwizi wa kuku. Wakubwa wananiuliza kama nimesinzia."

Akavua kofia yake ngumu, akamvika. Jeltje akashukuru.

"Kaa hapo upumzike," Douwe alisema. "Na kesho uje tena, binti. Huku juu hakuna anayekuja hata kunisalimia."