Ng'ombe Ndani ya Hekalu

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga, kikatulia, kikagonga tena. Nje kulikuwa bado giza. Suet-ngo, aliyekuwa amejilaza macho wazi, aliinuka akapunguza moto. Alikuwa na miaka sabini na minne, na supu ile ya mifupa na karanga alikuwa akimpikia mtu ambaye hakuwa amemwona kwa miaka arobaini na mitatu.

"Bibi, hukulala?" aliuliza mjukuu wake, Hoi-lam, kutoka kitanda cha juu.

"Nimelala. Lala na wewe."

"Sinema ni saa nane mchana. Hiyo supu itakuwa uji."

"Anaipenda nzito."

Hoi-lam na wenzake walikutana kila Jumapili kwenye jengo la viwanda vya zamani katika mtaa wa Kwun Tong, kutazama sinema za kupigana zile mbovu mbovu, zilizotengenezwa kwa haraka na kwa vifaa vya kuazima. Kadiri ilivyokuwa mbovu, ndivyo walivyoipenda. Safari hii walikuwa wamepata *Ngumi Tisa za Mtawa Kiziwi*, na wakamwalika mmoja wa wapiganaji wake, mzee Pak-keung, anayeishi makao ya wazee. Suet-ngo aliposikia jina hilo aliomba naye aende. Tangu hapo hakupata usingizi.

Sinema ile ilipigwa picha kwa siku kumi na moja, kwenye machimbo ya mawe, na kila mtu alifanya kazi tatu. Suet-ngo alishona majoho, akabandika masharubu, na akapanga maboksi matupu ya kuwapokea walioruka. Siku ya tisa, Pak-keung alikuwa juu ya paa la hekalu la mbao, tayari kuruka. Mkubwa wa sinema akachungulia kwenye kamera akasema boksi linaonekana, lile la maziwa ya unga lenye picha ya ng'ombe. Suet-ngo akaamriwa aondoe safu moja ya maboksi, akaiondoa. Hakuna aliyemwambia Pak-keung. Mabega yake yaliangukia boksi, nyonga ikaangukia jiwe.

"Mguu wako umechelewa," mkubwa alimwambia pale chini.

Suet-ngo alikuwa amesimama palepale, maboksi mikononi. Alikuwa na mtoto wa kunyonya na aliogopa kufukuzwa. Akanyamaza. Pak-keung hakuruka tena maishani.

Jumapili hiyo Suet-ngo na Hoi-lam walipofika ukumbini, Pak-keung alikuwa ameshaketi, fimbo katikati ya magoti. Alimtazama Suet-ngo kitambo.

"Dada Ngo. Umezeeka vibaya."

"Na wewe hatimaye umeota masharubu ya kweli."

Mzee akacheka. Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha chuma ili Suet-ngo asikae kwenye baridi. Suet-ngo aliliona hilo, na moyo ukamuuma zaidi. Laiti angemnunia.

Taa zikazimwa. Mtawa kiziwi aligeuka kila alipoitwa. Watu walianguka kwanza, mlio wa ngumi ukafuata baadaye. Pak-keung aliuawa mara nne, kila mara na masharubu mengine.

"Babu, umekufa tena," kijana mmoja alisema.

"Subiri. Sasa hivi nafufuka na ndevu."

Vijana walicheka hadi wakashikana mabega, na kicheko chao hakikuwa na dharau. Walikuwa wakiwapenda wale watu waliojitahidi vile. Kisha wakaanza kunong'onezana: anakuja, anakuja. Pak-keung akaruka kutoka paani. Watengenezaji walikuwa wamemtilia sauti ya jogoo. Na pembeni mwa picha, chini ya ukuta wa hekalu la kale, ng'ombe wa maziwa ya unga alikuwa akitabasamu.

Ukumbi mzima ukampigia makofi ng'ombe.

Suet-ngo hakuwahi kuitazama sinema ile. Kumbe ile safu aliiondoa bure.

Taa zilipowashwa alimgeukia mzee. "Kaka Keung, mguu wako haukuchelewa. Mimi niliondoa safu moja ya maboksi. Niliambiwa niiondoe. Nikamsikia akikulaumu, nikanyamaza."

Pak-keung alishika kichwa cha fimbo, akakiachia, akakishika tena.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "ninaporudia ule mruko kichwani, naurekebisha mguu. Kila siku naurekebisha."

"Najua nimekukosea."

"Ungekuja hospitali ukaniambia."

"Nilifika mlangoni mara mbili. Nikarudi."

Pak-keung akageuzia uso ukutani. Vijana waliokuwa wakikunja viti wakaacha, maana hata wasiojua kitu walijua kuna kitu. Kisha mzee akamwita Hoi-lam.

"Binti, rudisha pale ninaporuka. Zima sauti."

Walitazama bila sauti ya jogoo. Mguu ulitoka kwenye kigae kwa wakati wake, vidole vimenyooka, kifua wazi. Ulikuwa mruko safi. Akaomba tena, na tena. Hakuna aliyempigia makofi ng'ombe.

"Haukuchelewa," Pak-keung alisema.

"Haukuchelewa."

Suet-ngo akamsogezea themosi ya supu. Mzee hakuifungua. Aliikumbatia tu kifuani, na Hoi-lam akamshika mkono hadi kwenye lifti. Suet-ngo alifuata nyuma, amebeba lile koti.

"Sijui kama nimekusamehe," Pak-keung alisema, akipokea koti bila kumtazama. "Hasira hii ni ya leo, hata haijapoa."

"Si lazima."

Mlango wa lifti ulianza kujifunga. Akauzuia kwa fimbo.

"Alhamisi wanaruhusu wageni. Uje uchukue themosi yako." Akaishikilia fimbo palepale. "Halafu usiishie mlangoni, Dada Ngo. Safari hii njoo mpaka ndani."